Stabilaiza isiyojua kusubiri huunguza mtaji

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayenunua stabilaiza ili kuokoa mashine yake na umeme hafifu anaweza kujikuta ameununua ugonjwa wenyewe, iwapo stabilaiza hiyo haijui kukataa kuwaka pale umeme unaoingia unapokuwa chini mno.

Hilo ndilo somo letu katika ukurasa wa soko wiki hii. Tumelileta hapa, badala ya kuwaachia mafundi peke yao, kwa sababu mtu wa kwanza kulilipia ni mwenye mtaji: mwenye kinu cha kukamua alizeti, mwenye duka la vinywaji baridi, mwenye kibanda cha kuchaji simu.

Tuchukue Mgori, katika Wilaya ya Singida, mkoani Singida. Wenye biashara ya asali inayotoka katika misitu ya huko hulala usingizi, maana asali haihitaji friji wala mota. Mwenye kinu cha alizeti hana bahati hiyo. Mbegu huingia kwa wingi baada ya mavuno, na wakati huo ndipo bei ya kununulia huwa nafuu na foleni ya wakulima wanaotaka kukamuliwa huwa ndefu. Mota ikiungua katika majuma hayo, hasara haiishii kwenye gharama ya kusuka upya waya zake. Mwenye kinu hupoteza pia ada ya kukamua, mashudu ambayo angeyauza, na wateja ambao wamekwishapakia magunia kwenda kwa jirani.

Umeme hupungukia njiani

Umeme wa gridi Tanzania unatakiwa kumfikia mteja ukiwa na msongo wa volti 230 kwa fezi moja, au volti 400 kati ya fezi na fezi. Mota nyingi zimetengenezwa kustahimili tofauti ya asilimia 10 juu au chini. Kwa fezi moja hiyo ni kati ya volti 207 na 253.

Msongo huo hupungua kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba, na kadiri watu wengi wanavyowasha vyombo kwa pamoja. Aliye karibu na transfoma hupata msongo mzuri. Aliye nguzo ya mwisho hupata kilichobaki, hasa jioni.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo hili litakwisha lenyewe kwa kuwa nchi sasa ina umeme mwingi. Ni kweli kwamba bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa na mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na mashine ya kwanza iliingizwa kwenye gridi Februari 2024. Ni kweli pia kwamba njia kuu ya kusafirisha umeme kutoka Iringa hadi Shinyanga inapita Dodoma na Singida. Lakini wingi wa umeme katika bwawa ni jambo moja, na msongo katika nguzo ya mwisho ya kijiji ni jambo jingine. Mto unaweza kufurika na bado ndoo ikajaa polepole, kama bomba linaloileta maji ni jembamba.

Hesabu inayowashangaza wengi

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua waya kutoka transfoma hadi kwa mteja wenye ukinzani wa ohmu 2, na transfoma inatoa volti 230 kamili. Mteja ana stabilaiza ambayo kazi yake ni kuhakikisha mashine inapata nguvu ileile wakati wote.

Mashine ikihitaji kilowati 3, waya utapitisha ampea 15. Volti 30 zitapotea njiani, na kwa mteja zitafika volti 200. Upotevu katika waya ni wati 450. Si hali nzuri sana, lakini kazi inafanyika.

Sasa mteja anaongeza mashine nyingine ili mzigo ufike kilowati 6, yaani mara mbili. Wengi watategemea ampea nazo ziwe mara mbili, yaani 30. Haziwi hivyo. Zinakuwa 40. Volti zinazofika ni 150 tu, na wati 3,200 zinapotelea kwenye waya kama joto. Mzigo umeongezeka mara mbili, upotevu umeongezeka zaidi ya mara saba.

Je, akitaka kilowati 7? Hapo hesabu inakataa kabisa. Katika waya huo hakuna kiasi chochote cha ampea kitakachomfikishia kilowati 7. Kila ampea inayoongezwa inashusha volti kuliko inavyoongeza nguvu. Kikomo ni kilowati 6.6 hivi, na hapo volti zinazofika ni nusu ya zile zilizotoka kwenye transfoma.

Msomaji aone vizuri mkosaji ni nani. Balbu ya waya ya zamani, au pasi, msongo ukishuka hupunguza matumizi yake yenyewe: mwanga hufifia, joto hupungua, na waya hupumzika. Stabilaiza haifanyi hivyo. Ikiona volti 150 zinaingia na inatakiwa kutoa 230, itavuta ampea zaidi kwa uwiano wa 230 kwa 150, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya zile inazotoa, bila kuhesabu upotevu wake yenyewe. Kadiri inavyovuta, ndivyo msongo wa njia unavyozidi kushuka. Kadiri unavyoshuka, ndivyo inavyozidi kuvuta. Jirani naye ana stabilaiza ya namna hiyohiyo, na zote mbili zinagombea kamba moja.

Jambo hili si la vijijini tu. Tarehe 23 Julai 1987, siku ya joto kali, jiji la Tokyo nchini Japani na maeneo jirani yalipoteza umeme kwa wateja wapatao milioni 2.8. Baada ya saa ya chakula cha mchana matumizi yalipanda kwa kasi, msongo ukaanza kushuka, na viyoyozi vya kisasa vikajibu kwa kuvuta ampea zaidi ili viendelee na kazi ileile. Njia zikashindwa. Hesabu iliyoishinda Tokyo ndiyo hii ya waya wa ohmu 2.

Mota nayo

Asiye na stabilaiza asidhani amesalimika. Nguvu ya mota ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa msongo. Msongo ukiwa asilimia 80 ya ule unaotakiwa, nguvu ya kuzungusha ni asilimia 64. Mota ikiwa tayari imebeba mzigo, kama kinu kilichojaa mbegu, itavuta ampea zaidi ili isisimame, na joto ndani ya waya zake hupanda kwa mraba wa ampea hizo.

Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kuanza. Mota inapoanza huvuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida kwa muda mfupi. Msongo ukiwa mdogo inaweza kushindwa kuanza, ikabaki inanguruma huku ampea hizo zote zikipita katika waya zake. Hapo ndipo harufu ya rangi iliyoungua husikika. Kompresa ya friji hufa kifo hichohicho, ila kimyakimya, maana imefichwa nyuma ya kabati.

Dawa: kidhibiti chenye ruhusa

Mafundi wa vyombo vya elektroniki waliligundua jambo hili zamani, na dawa yao inaeleweka na mtu yeyote. Vidhibiti vingi vidogo vya msongo, vile vya ukubwa wa punje, vina mguu mmoja unaoitwa mguu wa ruhusa. Mguu huo usipopata msongo unaotosha, kidhibiti hakiwaki, hata kama umeme umekwisha kufika mlangoni.

Tuseme mguu huo unahitaji volti 1.2. Fundi anataka kidhibiti kisiwake mpaka betri ifike volti 12. Anaweka vikinzani viwili mfululizo kati ya waya wa betri na waya wa chini, kimoja kikiwa na ukinzani mara tisa ya kingine, na mguu wa ruhusa anaufunga katikati. Pale katikati itapatikana sehemu moja ya kumi ya msongo wa betri. Betri ikiwa volti 11, mguu unaona 1.1 na kidhibiti kinabaki kimelala. Betri ikifika 12, mguu unaona 1.2 na kazi inaanza. Ni vikinzani viwili vya bei ya pipi.

Kwa mashine kubwa kanuni haibadiliki, vifaa ndivyo hubadilika. Kwa friji kuna kile kidude cha kuchomeka ukutani ambacho madukani huitwa friji gadi. Kwa mota ya kinu kuna relei ya kulinda msongo, inayoiamrisha kontakta kufunga au kufungua. Stabilaiza nzuri huwa na ulinzi huo ndani yake. Stabilaiza duni huwa na sindano ya kuonyesha volti na taa ya kijani, basi.

Viwango viwili, si kimoja

Kosa linalofanywa hata na waliokwisha kununua kifaa sahihi ni kukipanga kiwashe na kukata katika kiwango kimoja.

Turudi kwenye waya wetu wa ohmu 2 na mashine ya kilowati 3. Kabla ya kuwasha, mteja anasoma volti 230. Akiwasha, zinashuka hadi 200. Kama kifaa kimepangwa kuwasha na kukata kwenye volti 210, kitaona 230 na kuwasha. Papo hapo kitaona 200 na kukata. Msongo utarudi 230 na kitawasha tena. Kontakta itagongagonga kama mashine ya cherehani. Mota itapata mkupuo wa kuanza kila mara bila kupata nafasi ya kuzunguka. Kifaa kilichonunuliwa kuilinda mota ndicho kitakachoiua.

Kwa hiyo viwango lazima viwe viwili, cha kuwasha kikiwa juu na cha kukata kikiwa chini, na pengo kati yake lizidi kile ambacho mashine yenyewe hushusha. Tuseme fundi ameamua kwamba mashine hii isifanye kazi chini ya volti 180. Awashe kwenye ngapi? Kama umeme wa jioni, bila mashine, ni volti 210, mashine ikiwaka utashuka hadi 176 na itakatwa. Kama ni 215, utashuka hadi 182 na kazi itaendelea. Basi kiwango cha kuwasha kisipungue 215. Anayekata kwenye 180 na kuwasha kwenye 190 katika njia hiyo amejitengenezea cherehani.

Jambo la tatu ni muda. Haraka haraka haina baraka, na hasa kwa friji. Kompresa ikisimama, gesi ndani yake inahitaji dakika kadhaa ili misukumo ya pande mbili ilingane. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo inasukumana na msukumo wake yenyewe. Ndiyo maana friji gadi husubiri dakika tatu hivi au zaidi baada ya umeme kurudi. Wapo wanaoudhika na kusubiri huko wakaichomoa, wakachomeka friji moja kwa moja ukutani. Hao wameokoa dakika tatu na kuiweka kompresa rehani.

Muda una faida nyingine. Umeme unaporudi kijijini baada ya kukatika, kila chombo kilichoachwa kimewashwa huanza kwa pamoja, na msongo wa dakika ya kwanza huwa mbaya. Anayesubiri huukuta umetulia.

Kwenye kukata pia kuwe na subira ndogo, ya sekunde chache, kwa sababu mota yoyote ikianza hushusha msongo kwa kitambo kisha ukarudi. Lakini ukianguka mno, kifaa kizuri hukata papo hapo. Mwenye mota ya fezi tatu ahakikishe relei yake inatambua pia fezi moja inapokosekana. Mota inayokimbia kwa fezi mbili haisimami, hivyo mwenye kinu anaweza asigundue lolote mpaka waya zimekwisha kuiva.

Wa sola wasijione salama

Kuna waliojenga biashara zao kwa paneli za jua, na wanadhani habari hizi haziwahusu. Zinawahusu zaidi.

Paneli inayouzwa kama ya volti 12 huonyesha karibu volti 21 au 22 juani ikiwa haijaunganishwa na chochote, na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye volti 17 au 18. Alfajiri, jua likiwa bado changa, kipimo kinaweza kuonyesha volti nyingi vilevile. Debe tupu haliachi kuvuma. Volti hizo hazina ampea nyuma yake. Pampu au chaja ikiwashwa, msongo unaporomoka, ikizimika, unapanda, ikiwaka, unaporomoka. Mchezo huo unaweza kuendelea mpaka jua lipande. Dawa ni ileile: kuruhusu kwenye kiwango cha juu, kukata kwenye cha chini, na kusubiri kabla ya kujaribu tena.

Kwa betri za asidi za volti 12, vidhibiti vingi vya sola hukata matumizi karibu na volti 11.1 hadi 11.5, na haviruhusu tena mpaka betri ipande karibu na 12.6. Wateja wengi hulalamika kwamba kidhibiti "kinabana", wakaunga mzigo moja kwa moja kwenye betri. Betri ya asidi inayokaushwa kila usiku hufa mapema, na betri mara nyingi ndicho kitu kinachoisha kwanza na kununuliwa tena na tena katika mtambo mdogo wa sola. Betri za lithiamu zina vipimo vyake, na kidhibiti lazima kipangwe kulingana nazo.

Mwenye kibanda cha kuchaji simu naye aangalie. Kidhibiti cha kawaida cha namba 7805, kinachotoa volti 5, kinahitaji takribani volti 7 za kuingia. Zikipungua, hazimi, hutoa volti pungufu. Simu ya mteja huonyesha alama ya kuchaji, huiondoa, huirudisha. Mteja hukaa saa mbili, hulipa, na huondoka na simu isiyojaa. Kesho haji. Afadhali taa nyekundu inayosema wazi "subiri" kuliko huduma ya nusu.

Kabla ya kutoa fedha

Anayetaka kununua kinu, kukodisha jengo lenye mashine, au kuingia ubia na mwenye mashine, ayapitie haya:

Kwanza, apime msongo mwenyewe, au ampe fundi ampimie, kwa wiki nzima: asubuhi, mchana na hasa jioni. Aandike kwenye daftari.

Pili, apime mara mbili, mashine ikiwa imezimwa na ikiwa imebeba mzigo kamili. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayosema ukweli kuhusu waya wa eneo hilo. Kipimo cha mashine iliyozimwa ni maneno matupu.

Tatu, aulize ulinzi wa msongo mdogo uko wapi, unawasha kwenye volti ngapi, unakata kwenye ngapi, na unasubiri muda gani. Muuzaji asiyeweza kujibu anauza boksi.

Nne, akikuta tofauti ni kubwa, asikimbilie stabilaiza kubwa zaidi. Tumeona kwamba kuna nguvu ambayo waya fulani hauwezi kuifikisha kwa ujanja wowote. Dawa hapo ni waya mnene zaidi, transfoma iliyo karibu, au kupeleka ombi kwa shirika la umeme. Daftari la vipimo vya wiki nzima litasaidia zaidi kuliko malalamiko ya mdomo.

Tano, ahesabu saa za kusubiri kama gharama ya biashara. Kifaa cha ulinzi hakitengenezi umeme. Kitamsimamisha, pengine kila jioni. Kama faida ya kinu inategemea kukamua jioni hiyo hiyo, basi hesabu za kinu hicho zina kasoro, na ni bora kuliona hilo kwenye karatasi kuliko kuliona kwenye mota.

Mwenye kinu anayesimama saa mbili jioni na kuendelea asubuhi amepoteza saa mbili. Aliyelazimisha akaunguza mota amepoteza saa mbili hizo, na siku zote za kusubiri fundi, katika msimu ambao mbegu hazimsubiri. Kabla ya kuuliza stabilaiza inapandisha volti kiasi gani, uliza kwanza inakataa kuwaka kwenye ngapi.